Runinga na kelele baa na mgahawani: mwongozo kamili kwa mwenye ukumbi

Mteja akiingia mahali pa kula akakuta runinga tatu, kila moja na chaneli yake, muziki juu yake, na watu wa meza moja wanaitana kana kwamba wako ng'ambo ya mto, mara nyingi hasemi kitu. Anakula, analipa, anaondoka, na safari ijayo anakwenda kwingine. Malalamiko ya chumvi kuzidi utayapata siku hiyohiyo. Ya kelele hayakufikii, kwani anayetaka kulalamika hasikiki.

Mwongozo huu ni wa mwenye baa au mgahawa, au meneja wake, anayetaka watu wasikilizane bila ukumbi kupoa. Jambo moja lishike tangu sasa, maana hatua zote zinalitegemea: kelele nyingi za ukumbi uliojaa zinatoka vinywani mwa wateja. Runinga na muziki ndivyo vinavyozichochea. Kwa hiyo anza na vichocheo, ufuate chumba chenyewe, na fedha uzitoe mwishoni. Wengi hufanya kinyume: wananunua paneli za kufyonza sauti ukutani huku runinga nne bado zinapiga mayowe.

Hatua ya kwanza: pima kabla hujagusa kitu

Pakua programu ya kupima sauti kwenye simu. Ile ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ni ya bure na inatumika kwenye iPhone. Kwa simu nyingine zipo nyingi, na hata zile zisizo sahihi sana zinatosha kulinganisha leo na wiki ijayo, mradi utumie simu ileile. Chagua kipimo cha desibeli A (dBA), yaani ukubwa wa sauti kama sikio linavyoisikia, kisha soma wastani. Achana na kilele. Kitakuonyesha sahani iliyoanguka.

Kaa kwenye kiti kama mteja, shika simu usawa wa kichwa, kidole mbali na maikrofoni, uiache ipime dakika tano. Pima sehemu nne: meza iliyo chini ya spika, meza ya kona ya mbali, kaunta, na meza jirani na mlango wa jikoni. Rudia ukumbi ukiwa mtupu, ukiwa nusu, na ukiwa umejaa. Kwenye daftari andika saa, meza, watu takriban wangapi, runinga zipi zimewashwa, na namba uliyoipata.

Mazungumzo ya kawaida ya watu walioachana mita moja ni kama desibeli 60. Wastani wa ukumbi ukiwa chini ya 70, watu wanaongea bila taabu. Ukikaribia 75 wanaanza kuinamiana. Ukipita 80 wanapaza sauti, na aliyekaa mwisho wa meza ya watu sita ameshajitoa kwenye maongezi, anachezea simu. Desibeli hazina hesabu ya kawaida: zikiongezeka 3, nguvu ya sauti imekuwa mara mbili, zikiongezeka 10, nguvu imekuwa mara kumi, ingawa sikio huona kama imeongezeka mara mbili hivi. Ndiyo maana kushuka kutoka 82 hadi 76 ni ushindi mkubwa hata kama kwenye karatasi tofauti inaonekana ndogo.

Vipo na vipimo visivyohitaji simu. Ukumbi ukiwa mtupu, piga kofi moja kali. Ukisikia sauti bado inazunguka baada ya viganja kutulia, chumba hicho kitarudisha kila neno la kila mteja. Na ukumbi ukijaa, simama karibu na meza moja uhesabu ni mara ngapi mtu anasema "Eti?" na mara ngapi mhudumu anarudia oda.

Hatua ya pili: jua kelele inaanzia wapi

Mwaka 1911 daktari Mfaransa wa masikio na koo, Étienne Lombard, alieleza tabia ambayo leo inaitwa kwa jina lake: mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kujijua, na kelele ikiondoka anaishusha, vilevile bila kujijua. Hebu weka tabia hiyo kwenye ukumbi wa watu sitini. Meza ya kwanza inapaza sauti ili kuishinda runinga. Ya pili inapaza ili kuishinda ya kwanza. Mhudumu wa kaunta anaona muziki umemezwa, anauongeza. Meza ya kwanza inapanda tena. Hakuna aliyeamua ukumbi uwe hivyo, na hakuna anayeona kuwa yeye ndiye mwenye kosa.

Habari njema ni kwamba ngazi hiyohiyo inashukika. Chagua usiku wenye watu wengi ambao hauna mechi. Punguza muziki na runinga kidogo kidogo kwa muda wa dakika kumi. Ukikata ghafla, ukumbi mzima utageuka kumtazama mhudumu. Ngoja robo saa upime tena kwenye meza zilezile. Wastani ukishuka vizuri, tatizo lako ni vifaa, na hatua ya tatu na ya nne zitakutosha. Usiposhuka, tatizo kubwa ni chumba. Hapo bado utafanya hizo hatua mbili, lakini anza kutenga fungu la hatua ya tano.

Hatua ya tatu: runinga moja moja

Hapa ndipo penye kazi, na karibu yote ni ya bure.

Kaa kwenye kila kiti cha ukumbi. Ndiyo, kila kiti. Kwenye kila kimoja hesabu skrini unazoziona bila kugeuza shingo. Jicho la binadamu limeumbwa kunasa kitu kinachosogea pembeni yake, kwa hiyo mtu anaweza kuwa hana haja kabisa na kipindi lakini macho yakaendelea kumtoroka mwenzake wa mezani. Kiti kinachoona skrini mbili au tatu kinafaa kwa mtu aliyekuja peke yake kuangalia mpira. Kwa wawili waliokuja kuongea ni kiti kibaya, hata kama sauti zote zimezimwa.

Baada ya hapo jiulize kila runinga ipo kwa ajili ya nani. Ya juu ya kaunta ni ya wanaokaa kaunta: sawa. Ya ukumbini kwenye meza za chakula mara nyingi jibu lake ni "ilikuwepo tu". Izime wiki mbili uone kama kuna mteja atakayeiulizia. Usiing'oe kwanza, ukiulizwa na wawili watatu, utaiwasha siku za mechi.

Zinazobaki zigawe kwa maeneo. Skrini zote za mchezo zikae upande mmoja, na upande wa pili ubaki bila hata moja. Ukumbi ambao kila pembe ina runinga unamnyima mteja nafasi ya kuchagua, na anayependa mpira na asiyeupenda wote wanaondoka nusu-nusu.

Sauti itoke kwenye runinga moja tu kwa wakati mmoja, au isitoke kabisa. Zilizobaki ziwekwe kimya na maandishi ya maneno yawashwe chini ya picha. Sehemu hiyo huwa kwenye menyu ya mipangilio ya runinga au king'amuzi, na inawasaidia pia wateja wenye uziwi. Runinga mbili zenye sauti tofauti huzaa kelele ambayo hakuna anayefaidika nayo, kwa kuwa sikio haliwezi kufuata maneno ya zote mbili.

Jambo ambalo wengi hawalijui: spika za runinga bapa nyingi zimeelekezwa chini au nyuma. Sauti inagonga ukuta kwanza ndipo imfikie mteja, na maneno yanafika yamefifia. Mtu anadhani sauti ni ndogo, anaongeza. Sasa imekuwa kubwa na bado maneno hayaeleweki. Kwa siku za mechi, toa sauti ya runinga uipeleke kwenye spika ndogo zilizo juu ya eneo la watazamaji peke yake, kwa kiwango cha chini. Mtangazaji atasikika vizuri kuliko zamani na ukumbi wa pili utakula kwa amani.

Na kama una skrini mbili za mechi moja, zipate picha kutoka chanzo kimoja kupitia kigawanya HDMI, kifaa kidogo kinachopeleka picha moja kwenye runinga kadhaa. Matangazo ya intaneti huchelewa nyuma ya yale ya setilaiti kwa sekunde kadhaa, wakati mwingine nusu dakika. Upande mmoja unashangilia goli, upande mwingine mpira bado uko katikati ya uwanja. Hapo utapata mayowe mara mbili na ugomvi juu yake.

Mwanga nao. Runinga nyingi zina hali ya picha ya dukani, yenye rangi kali na mwanga wa mwisho, kwa kuwa imekusudiwa kushindana na taa za duka. Badili iwe ya sinema, kisha shusha mwanga usiku unapoingia. Skrini isiyotupa mwanga kwenye sahani za watu haivuti macho kwa nguvu ileile.

Mwisho wa hatua hii ni rimoti. Iwe mkononi mwa mtu mmoja kwa zamu, jina lake liwe kwenye ratiba. Rimoti iliyoachwa kaunta ina mabosi kumi. Mwaka 2004 Mmarekani Mitch Altman alianza kuuza kifaa kidogo cha kubeba mfukoni, TV-B-Gone, kinachozima karibu runinga yoyote ya jirani. Ikiwa wapo waliokuwa tayari kutoa fedha ili kuzima runinga za watu wengine, ujue wateja wako wanaonyamaza hawajaridhika.

Hatua ya nne: muziki

Spika mbili kubwa pembeni zinamuunguza aliye karibu ili aliye mbali asikie. Spika nyingi ndogo, zilizosambazwa darini na kupigwa kwa sauti ya chini, zinampa kila mtu kiasi kinacholingana. Ukishindwa kununua mpya, angalau geuza zilizopo zisielekee moja kwa moja kwenye meza ya karibu, na uisogeze hiyo meza.

Punguza bezi, yaani sauti nzito ya chini, kabla ya kupunguza sauti nzima. Bezi ndiyo inayopenya ukuta na kumfikia jirani, na ndiyo inayofunika sauti za watu bila kuongeza raha kwenye chakula. Muziki wenye maneno mengi unashindana na maongezi kuliko wa ala peke yake; wakati wa chakula chagua wa ala.

Utaambiwa muziki mkubwa unauza vinywaji, na si uongo mtupu. Utafiti wa Nicolas Guéguen na wenzake kwenye baa za Ufaransa, uliochapishwa mwaka 2008, ulilinganisha desibeli 72 na 88. Kwenye 88 wanaume waliochunguzwa walikunywa zaidi na kumaliza glasi haraka zaidi. Lakini utafiti wa Ronald Milliman wa mwaka 1986 mgahawani ulionyesha kwamba muziki wa mwendo wa taratibu uliwafanya wateja wakae muda mrefu zaidi na kutumia zaidi kwenye vinywaji. Majaribio mengine yamekuta kwamba kelele za nyuma hupunguza ladha ya sukari na chumvi anayoisikia mlaji, na mpishi wako hatafurahi kusikia hilo. Kwa hiyo amua unauza nini na saa ngapi. Baa ya kucheza muziki saa tano usiku na mgahawa wa chakula cha mchana haziwezi kutumia kitufe kimoja kwa namna moja.

Ukishaamua, weka alama ya utepe kwenye kitufe cha sauti: ya mchana, ya jioni, ya usiku. Asiivuke mtu bila ruhusa. Sababu ni ya kimwili. Masikio yaliyokaa saa nyingi kwenye kelele hupungukiwa usikivu kwa muda, hivyo mhudumu aliye kaunta tangu jioni anaona muziki umekuwa mdogo, na kwa haki kabisa anauongeza. Anayepaswa kuamua ni mtu aliyetoka nje dakika chache akarudi, tena akakaa mezani kwanza.

Hatua ya tano: chumba chenyewe

Vigae chini, plasta ukutani, vioo mbele, dari ngumu juu. Ni rahisi kusafisha na hupendeza kwenye picha, na kwa maongezi hakuna kitu kibaya zaidi.

Hesabu yake iliwekwa na Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia Harvard, ambaye mwaka 1895 alitakiwa kurekebisha ukumbi wa mihadhara uliokuwa hausikiki. Alifanya kazi usiku, akihamisha mito ya viti kutoka ukumbi wa tamthilia wa jirani na kupima sauti inachukua sekunde ngapi kufa. Kanuni yake bado inatumika: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, kisha gawanya kwa uwezo wa nyuso zote kufyonza sauti.

Chukua ukumbi wa mita 10 kwa 8, wenye kimo cha mita 3. Ujazo ni 240, na jumla ya sakafu, dari na kuta ni mita za mraba 268. Nyuso zote zikiwa ngumu, zinazofyonza kama asilimia 5 tu, ufyonzaji wote ni 13.4. Sauti itachukua karibu sekunde 2.9 kufa. Kwa maongezi unataka iwe chini ya sekunde 1. Sasa funika mita za mraba 50 za dari kwa paneli zinazofyonza asilimia 80. Ufyonzaji unapanda hadi 50.9, na muda unashuka hadi takriban sekunde 0.8. Watu nao wanafyonza, kila mmoja kama nusu mita ya mraba kwa mwili na nguo zake, ndiyo maana ukumbi mtupu unavuma kuliko uliojaa.

Paneli nzuri ni za sufu ya mawe au sufu ya kioo, unene wa sentimita 5, zilizovikwa kitambaa kinachopitisha pumzi. Pulizia: hewa isipopita, sauti nayo haitaingia. Ukiacha nafasi kidogo kati ya paneli na dari zinafanya kazi vizuri zaidi kwenye sauti nzito. Anza na dari juu ya meza, kisha ukuta mmoja katika kila jozi ya kuta zinazotazamana. Mapazia mazito yenye mikunjo mingi yanasaidia mbele ya vioo. Pazia jepesi ni pambo. Trei za mayai hazisaidii, na zinashika moto.

Kwenye moto sina utani. Tarehe 20 Februari 2003, kwenye klabu ya The Station jimboni Rhode Island, Marekani, fataki ziliwasha sponji ya sauti iliyobandikwa ukutani, na watu 100 wakafa. Tarehe 27 Januari 2013 kwenye klabu ya Kiss mjini Santa Maria, Brazili, fataki na sponji ya darini tena: watu 242. Usibandike sponji ya godoro hata upewe bure. Mwambie muuzaji akuonyeshe cheti cha kipimo cha moto cha bidhaa hiyohiyo, na asipokuwa nacho, usinunue.

Ila usitegemee paneli hizi zimnusuru jirani. Zinatuliza sauti ndani ya chumba, hazizuii isitoke. Kwa jirani dawa ni kupunguza bezi, kuinua spika kwenye vipande vya mpira badala ya kuzikaza ukutani, na kufunga mlango.

Hatua ya sita: vitu vidogo

Bandika vipande vya felti, kitambaa kinene laini, chini ya miguu ya viti. Weka kipande cha mpira mlangoni mwa jikoni usigonge. Blenda na kisaga kahawa vihamie nyuma au viwekewe mkeka wa mpira chini. Vijiko visitupwe kwenye trei ya chuma mbele ya wateja. Chombo cha plastiki kinatosha.

Hatua ya saba: kona tulivu na watu wanaofanya kazi humo

Tenga meza chache mbali na spika, runinga na jikoni, na uwafundishe wahudumu kuuliza wageni wanapofika: "Mngependa upande wa mpira au upande wa utulivu?" Swali hilo moja linaondoa malalamiko mengi yasiyosemwa. Mzee, au mtu mwenye kifaa cha kusaidia kusikia, mpe kiti ambacho kelele zitakuwa nyuma yake na wenzake mbele yake, kwani vifaa vingi vya aina hiyo huchukua zaidi sauti ya mbele. Taa ya meza hiyo isiwe hafifu. Asiyesikia vizuri anasoma midomo.

Wahudumu wako wanakaa humo zamu nzima. NIOSH inapendekeza mfanyakazi asizidi desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unagawanywa kwa mbili: saa 4 kwenye 88, saa 2 kwenye 91. Baa yenye DJ inaupita mpaka huo kirahisi. Wape vizibo vya masikio, na wapokezane kati ya ukumbini na sehemu tulivu. Kwa wateja wa muziki mkubwa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka wastani wa sauti, ukipimwa kwa kila dakika 15, usizidi desibeli 100, na unataka kumbi ziwe na mahali pa kupumzisha masikio.

Hatua ya nane: pima tena

Baada ya mwezi chukua daftari lile, simu ileile, meza zilezile, usiku wa aina ileile. Ukiwa umeshuka desibeli 5 au 6 kwenye meza za chakula, umefanya kazi nzuri, acha ilivyo. Namba ikiwa ilishuka wiki ya kwanza kisha ikapanda tena, usikimbilie kununua paneli zaidi. Kagua kwanza kama alama za utepe bado zipo kwenye kitufe, ni nani ana rimoti, na kama ile runinga uliyoizima haijawashwa na mtu aliyetaka kuona matokeo dakika mbili tu.